Mrija wa Kuchomoa

Karatasi zilikuwa tatu. Wesley alizileta zimekunjwa ndani ya kitabu cha maelekezo ya viyoyozi, akafunga mlango kwa komeo, na hapo Peninah akajua kuna jambo. Chumba chao kilikuwa kimoja kati ya viwili katika nyumba ya ghorofa ya tatu huko Ruwi, mtaa wa Muscat, nyuma ya kituo cha mabasi. Chumba cha pili alikaa Achieng, msusi wa nywele, na Achieng hakuwa na desturi ya kubisha hodi. Hata hivyo komeo lile liliguswa tu mtu anapobadili nguo.

"Keti kwanza," Wesley akasema.

Peninah akaweka chini shati alilokuwa akilikunja, akaketi ukingoni mwa kitanda. Alidhani wamefiwa. Mumewe alikuwa na sura ile ile aliyokuwa nayo mwaka juzi, alipopigiwa simu kutoka Kapsabet kuhusu babake. Lakini Wesley hakutaja habari za nyumbani. Alimpa karatasi ya kwanza, akageuka kutazama ukuta.

Ilikuwa picha. Kitundu cha chuma, kama tundu la ndege lakini kidogo, kimepinda kama ndizi changa, kimeundwa kwa vyuma vyembamba vilivyoshikwa na pete, na juu yake kikufuli cha kutosha kufungia sanduku la mtoto wa shule. Peninah aliigeuza karatasi huku na huku. Mumewe alikuwa fundi wa viyoyozi, kila siku alirudi na vipande vya mabomba mfukoni, basi akauliza hiki nacho kinafungwa wapi, kwenye mota? Wesley akampa karatasi ya pili. Hapo Peninah akaona kinapofungwa, akailaza karatasi kitandani uso chini, kama vile mtu wa kwenye picha angeweza kumwona na yeye.

Wesley alieleza vipande vipande, macho yake kwenye kalenda. Alisema ni kitu anachovaa mwanamume. Mke ndiye anayefunga, na ufunguo unakaa kwa mke. Mume akishafungwa hawezi kufanya lolote kwa sehemu hiyo ila kwenda haja ndogo, mpaka mke apende kumfungulia. Alikiona kwenye kompyuta, pale duka la intaneti wanakotuma barua, na alikuwa amekifikiria tangu mwaka jana. Huku hakiuzwi. Lakini kuna Mzungu wa kazini kwao, mtu asiye na mdomo, anakwenda likizo kwao Jumamosi ijayo, na amekubali kukinunua na kukileta bila kuuliza chochote. Vipimo vyote Wesley alikwisha vijaza. Jambo moja tu lilikuwa limebaki.

Akamwekea karatasi ya tatu mapajani.

Hii ilikuwa na picha mbili kubwa za kitundu kile kile, kimekatwa katikati ili ndani kuonekane. Ndani mlikuwa na mrija mwembamba wa chuma, mfupi kuliko kidole, mwisho wake umeviringwa. Peninah alimaliza darasa la nane na Kiingereza chake kilikuwa cha kununulia vitu dukani, lakini hapa hakuhitaji Kiingereza. Aliona mrija unapoingia. Unaingia pale pale mkojo unapotokea.

"Iko aina mbili," Wesley akasema. "Hii ya kwanza, mrija umechomelewa kwa kitundu. Ni kitu kimoja. Hii ya pili uko na skrubu, unaweza kuuchomoa na kitundu kibaki. Hapo nimekuachia wewe uchague."

"Mimi nichague?"

"Ufunguo ni wako. Na hii pia iwe yako."

Peninah alitazama picha ya kwanza, akatazama ya pili, akarudi ya kwanza. Alitaka kuuliza jambo na hakujua aanzie wapi. Akaulizia lililokuwa karibu.

"Inauma?"

"Wanasema unazoea."

Na hapo hapo Achieng akautikisa mlango kwa nje, akitaka kuazima pasi, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kwamba watu waliooana miaka mitatu hawafungi komeo mchana, hao ni wa miezi mitatu. Wesley akazirudisha karatasi ndani ya kitabu cha viyoyozi. Peninah akatoa pasi. Jambo likabaki hapo.

Peninah hakuwa mtu wa kuuliza mara mbili. Alikuwa mtu wa kutazama. Tangu utotoni akipotelewa na kitu hakuanza kupekua. Alisimama katikati ya nyumba, akatulia, akaacha macho yatembee mpaka yakione. Basi alianza kumtazama mumewe hivyo hivyo.

Kwa akili yake, mtu hafungwi bila kosa. Huo ndio ulikuwa mwanzo na mwisho wa hesabu yake. Mume anayekuja mwenyewe na kufuli mkononi, akasema nifunge, huyo amefanya kitu, au yuko karibu kukifanya na anajiogopa. Na kama ni hivyo, basi hilo swali la mrija halikuwa swali la mrija. Alikuwa akiulizwa: unaniamini kiasi gani? Wa kuchomelewa ni wa mke asiyemwamini mumewe hata kidogo. Wa kuchomoa ni wa mke anayeacha mlango wazi kidogo. Achague upi, na hajui hata kosa lenyewe?

Jumapili akakagua mifuko ya suruali zake. Alipata risiti ya gesi, msumari, na kipande cha chingamu kimefungwa kwa karatasi yake. Jumatatu akanusa mashati kabla ya kuyaloweka: jasho, grisi, vumbi la mapaa. Jioni hiyo hiyo akamuuliza Achieng kwa mbali, kana kwamba anazungumzia mtu wa redioni, mwanamume akianza kumpa mkewe madaraka asiyoyaomba maana yake nini. Achieng alikuwa na nywele za mtu mkononi na hakuinua macho. Alisema maana yake iko mtaa wa Darsait, iko na chumba cha kupanga, na pengine iko na mimba. Mteja akacheka mpaka kichwa kikatoka mkononi mwa Achieng. Peninah naye akacheka, akaenda jikoni, akasimama mbele ya sufuria hajui alichofuata.

Wesley, kwa upande wake, alikuwa yule yule. Alirudi saa kumi na mbili, akaoga, akala, akasifu mboga. Hakumsukuma. Mara moja tu, akiwa anafunga kamba za viatu asubuhi, alisema kwamba Mzungu anataka karatasi Jumamosi saa mbili. Alisema hivyo kwa upole, na upole ule ndio uliozidi kumchanganya Peninah, maana mtu mwenye kosa huwa mkali au huwa mnyenyekevu kupita kiasi, na huyu hakuwa lolote kati ya hayo. Alikuwa kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani aliousomea.

Jumanne, kazini kwake kule Mabela, Bi Masouda alimtolea vyombo vya fedha kutoka kabatini.

Peninah alifanya kazi katika nyumba hiyo mwaka wa tatu sasa. Ilikuwa nyumba mpya katika mtaa mpya, kuta bado zinanuka rangi, na Bi Masouda aliikaa na mwanawe Harub, mwenye kazi wizarani. Bi Masouda alizaliwa Unguja, akaja Oman na mume na mtoto mmoja mgongoni, akafanya unesi miaka ishirini na saba, mingi yake wodi ya wanaume. Alikuwa amestaafu lakini mikono ilikuwa haijakubali. Akimwona mtu anakohoa sokoni humfuata.

Kulikuwa na posa ya jamaa wiki ile, na mirashi miwili ya kunyunyizia marashi ilitakiwa ing'ae. Walikaa barazani kwenye mkeka, beseni la maji ya ukwaju katikati, kila mtu na mrashi wake. Wa Bi Masouda shingo yake ilifunguka kwa kuzungushwa. Wa Peninah uliwahi kuvunjika, na fundi mmoja wa Matrah akaichomelea shingo moja kwa moja. Peninah alipitisha kitambaa nje ukang'aa, lakini ndani hakukufikika. Alitia maji, akatikisa, akamwaga, na kila mara maji yalitoka na harufu ya marashi yaliyooza, na vitu vyeusi kama majani ya chai.

"Huo hautakati," Bi Masouda akasema. "Nlimwambia yule fundi asiuchomelee. Kitu chenye njia lazima uweze kukifungua, ukioshe."

Peninah akautazama mrashi. Mikono yake ikasimama majini. Hakuwa amekusudia kusema, lakini maneno yalikwisha panga foleni siku tatu, na la mbele likatoka.

"Bibi. Kama mtu amewekwa mrija kwa njia ya mkojo. Mwanamume. Ni afadhali ule wa kukaa hapo hapo, ama ule wa kutoa?"

Bi Masouda akaweka mrashi wake chini taratibu.

"Mtu gani?"

Peninah hakujua kusema uongo. Alijua kunyamaza tu. Akanyamaza, na Bi Masouda akausoma ule ukimya kwa namna aliyozoea kusoma joto la mgonjwa, yaani mara moja na bila shaka yoyote. Alimjua mume wa Peninah kwa kusikia: kijana, fundi, anashinda juu ya mapaa ya Muscat miezi ya jua kali. Wodi ya wanaume ilimpitishia watu wa kazi hiyo kwa mamia. Hawanywi maji kwa kuwa kushuka chini ni kazi, wanabana mkojo mchana kutwa, wanapata mawe, njia inaziba. Kwake yeye hapakuwa na fumbo.

"Skiza, mwanangu," akasema, na sauti yake ikawa ya kazini. "Njia hiyo Mungu kaiumba itoe, hakuiumba iingize. Sisi tulikuwa tukitia mpira kwa dhiki, kwa amri ya daktari, mikono imeoshwa mpaka kwenye viwiko. Na hata hivyo. Ukikaa unaleta wadudu, homa, usaha. Ukikwaruza unaacha kovu, kovu linaifinya njia, mtu anasimama chooni nusu saa analia kama mtoto. Khatari hiyo."

"Na ule wa kutoa?"

"Una nafuu. Unautoa, unauchemsha, njia inapumzika. Lakini nafuu si uzima. Na mtu asijitie mwenyewe kwa sababu kaona mwenziwe katia. Umenifahamu?"

Peninah alisema amefahamu. Alikuwa amefahamu kila neno, na hakuwa amefahamu kitu, kwa sababu Bi Masouda alimjibu kuhusu mrija na yeye alikuwa bado kwenye kosa. Tena sasa lilimwongezeka jambo ambalo hakuwa amelifikiria hata kidogo: kwamba mume wake angeweza kuumia. Wa kuchomelewa ungemlinda yeye Peninah na ungemwumiza Wesley. Wa kuchomoa ungemlinda Wesley na ungemwacha yeye na mashaka yake. Alirudi Ruwi na harufu ya ukwaju mikononi, akakaa na kitabu cha viyoyozi mapajani bila kukifungua.

Ijumaa ilikuwa siku yao ya kanisa. Wakenya wa Muscat walikwisha zoea kusali Jumapili yao siku ya Ijumaa, kwa sababu ndiyo siku ya mapumziko. Walirudi mchana, wakala, Wesley akajinyoosha kitandani na gazeti. Karatasi ya tatu ilikuwa mezani na kalamu juu yake. Kesho saa mbili Mzungu angeitaka. Hakuna aliyeigusa.

Saa kumi alasiri mlango wa nje ukagongwa. Achieng akafungua, na Peninah akamsikia akisema karibu kwa sauti ambayo hakuwa nayo siku zote, sauti ya kanisani. Alipotoka chumbani alimkuta Bi Masouda sebuleni, abaya imemganda kwa jasho, anahema kwa ngazi za ghorofa tatu, na nyuma yake Harub amebeba chupa mbili kubwa za chai na uso wa mtu aliyeamrishwa.

"Yuko wapi mgonjwa?" Bi Masouda akauliza.

Achieng akauliza mgonjwa gani. Wesley akatokea na gazeti mkononi, fulana na suruali ya michezo, akaamkia kwa heshima, akavuta kiti.

Bi Masouda hakukaa. Alimtazama juu mpaka chini, akamwambia asione haya, yeye ameosha wanaume wakubwa kuliko yeye, wengine sasa ni mashekhe na wengine wamekufa.

"Unakojoa vizuri?"

Gazeti likashuka. Wesley akamtazama Bi Masouda, akamtazama Harub ambaye alikuwa akitazama dari, akamtazama Achieng ambaye hakuwa na nia ya kuondoka, mwisho akamtazama mkewe. Na kwa namna Peninah alivyokuwa amesimama, mikono imefumbatwa kifuani kama mtoto aliyevunja sahani, akaelewa.

Peninah alingoja. Alijua kwamba neno moja lake lingemtoa mumewe kwenye aibu hiyo na kumtia kwenye nyingine kubwa zaidi. Alifungua mdomo. Wesley akamtangulia.

"Kulikuwa na maumivu kidogo, Mama," akasema. "Kazi ya jua. Imepungua."

Achieng akasema kumbe. Akasema ndiyo maana komeo. Bi Masouda akaanza. Alimpa somo zima la maji, la mawe, la kubana mkojo, na khasa la mirija. Alisema amesikia kuna mtu anafikiria kuwekwa mrija, na kama kuna hospitali iliyomwambia hivyo bila kumpiga picha basi wamlete huyo daktari yeye aongee naye. Mrija unaokaa ndani ni wa mtu asiye na njia nyingine. Unaotoka una nafuu, lakini mwenye uzima wake hana haja na wowote. Alisema haya yote amesimama, kidole hewani, na Wesley, aliyekalishwa kwenye kile kiti, akiitikia ndiyo Mama, ndiyo Mama, masikio yamemuiva. Kisha Harub akafungua chupa ya kwanza. Yalikuwa maji ya shayiri, ya vuguvugu, na Wesley alikunywa vikombe vitatu mbele ya mashahidi.

Peninah aliwasindikiza mpaka chini. Harub alitangulia kuwasha gari. Kwenye ngazi ya mwisho Bi Masouda akashika ukuta, akapumzika, akamgeukia.

"Yule si mgonjwa," akasema.

Peninah akalitazama gari la Harub.

"Mwenye ugonjwa wa mkojo nnamjua kwa anavyokaa kitini. Yule kakaa kama mimi nnavyokaa." Akamwangalia muda, macho yake hayana hasira wala hayana swali. "Sikuulizi kitu. Mambo ya mtu na mumewe yana mlango. Lakini maneno niliyoyasema juu ni ya kweli, kwa mgonjwa na kwa mzima."

Akaingia garini. Peninah akabaki pale chini, watu wakimpita na mifuko ya sokoni, asijue Bi Masouda amejua nini, na amejuaje, na kama kuna kitu ulimwenguni ambacho miaka ishirini na saba ya wodi ya wanaume haijapata kukiona.

Alipopanda juu, Achieng alikuwa ameshakwenda kwa marafiki zake, bila shaka na habari mkononi. Wesley alikuwa chumbani, ameketi mezani. Hakuwa amekasirika. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na ilimchukua Peninah muda kujua kwamba anacheka.

"Vikombe vitatu," Wesley akasema. "Peninah. Ulimwambia nini huyo mama?"

Akamwambia. Na akiwa ameshaanza hakuweza kukoma: akamwambia habari ya mifuko, ya mashati, ya alichosema Achieng kuhusu Darsait. Kicheko cha Wesley kilipungua kidogo kidogo mpaka kikaisha.

"Ulininusa nguo?"

"Ningefanya nini? Umekuja na kufuli. Mtu hufungwa kwa kosa. Nilikuwa natafuta kosa."

"Sijafanya kosa."

"Hujatembea nje?"

"Sijatembea. Wala sitaki kutembea."

"Sasa unafungiwa nini?"

Wesley akaanza kujibu, akaacha. Akaanza tena. Alisema kwamba siku nzima yeye ndiye anayeulizwa. Wenzake wanamuuliza, wenye nyumba wanamuuliza, nyumbani Kapsabet wanapiga simu wanamuuliza, kila kitu kinamngoja yeye aamue. Alisema akifikiria kwamba kuna kitu kimoja, kimoja tu, na cha ndani kabisa, ambacho si yeye mwenye ufunguo wake, kichwa chake kinatulia. Hajui kwa nini. Alikuwa hivyo hata kabla ya kumwoa, na aliona haya kulisema, na ilipotokea kwenye kompyuta kwamba wapo watu wengine wa namna hiyo, mpaka kuna viwanda, alikaa pale dukani akatoka jasho. Hakuwa akiomba adhabu. Alidhani alikuwa akimpa kitu.

"Unanipa," Peninah akasema.

"Ndiyo. Nilidhani utafurahi. Ama utacheka. Sikudhani utaninusa mashati."

Peninah akaketi kiti cha pili. Wiki nzima alikuwa amebeba kosa la mtu, kumbe halipo, na sasa mikono ilikuwa mitupu na uzito haujaondoka. Alijaribu kuliona jambo kama Wesley alivyoliona, zawadi, na kwa kitambo likasimama hivyo, kisha likageuka tena likawa kufuli. Alimwamini. Hilo alilijua, na lilimshangaza jinsi lilivyokuja bila kuitwa. Kumwelewa ndiko kulikokataa.

"Na mrija?" akauliza. "Kitundu nimesikia. Mrija wa nini?"

"Ukiwa na mrija huwezi kusahau kwamba kimekufunga. Na kitundu hakichopoki." Wesley akainua mabega. "Wanasema hivyo. Mimi pia sijui. Sijawahi kuvaa hata kimoja."

"Kumbe na wewe hujui."

"Najua ninataka. Nikifika kwa mrija, sijui."

Peninah akaivuta karatasi ya tatu karibu yake. Alitazama picha ya kwanza, chuma kimoja kisicho na mwanzo wala mwisho. Alitazama ya pili, na mara hii akaona kitu ambacho hakukiona wiki nzima, kwa sababu wiki nzima alikuwa akitazama mrija. Chini ya picha ya pili, pembeni, walikuwa wamechora kitundu peke yake, mrija umewekwa kando, na tundu la skrubu liko wazi. Kilikuwa kimekamilika hivyo hivyo. Wa kwanza haukuwa na picha ya namna hiyo. Haungeweza kuwa nayo.

Akachukua kalamu, akatia alama kwenye cha pili. Mkono wake wa shule ya msingi, wa kukandamiza, ukapenya mpaka ukaacha kitone mezani.

Wesley akainama kuona. "Wa kuchomoa," akasema. "Ni sababu ya huyo mama?"

"Ni yeye, nusu. Sitaki usimame chooni unalia." Peninah akaifunika kalamu. "Nusu nyingine ni kwamba sijaelewa, Wesley. Umenieleza, nimesikia, na sijaelewa. Ule wa kuchomelewa ni wa mtu aliyeelewa. Ukishaununua umemaliza, hakuna kurudi nyuma kidogo ukafikiria. Kwa huu, unaweza kukaa na kitundu ukaacha mrija kwa boksi. Basi mrija ukifika utakaa kwa boksi. Utakaa kwangu, na nguo zangu. Hauingii kwako mpaka siku nitakayoelewa, na mpaka daktari wa kweli, si wewe na kompyuta yako, aseme hauna madhara."

"Na siku hiyo isipofika?"

"Isipofika, ni kama mrija nao haukufika."

Wesley alifikiri. Alikuwa na namna ya kufikiri ya fundi, kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikiliza mashine. Uso wake haukuwa wa mtu aliyenyimwa. Peninah aliutazama sana, kwa kuwa kutazama ndiko alikokujua, na alichokiona usoni mle kilikuwa utulivu, ule ule aliokuwa akiueleza dakika tano zilizopita bila kueleweka. Ameambiwa hapana, na ametulia. Jambo hilo nalo akaliweka pamoja na mengine asiyoyaelewa.

"Na kitundu chenyewe?" Wesley akauliza.

"Kitundu tutaona kikifika. Pengine nitacheka. Ulisema pengine nitacheka."

"Kwa hivyo umekubali ama umekataa?"

Peninah akaikunja karatasi mara mbili, akainyoosha kwa kucha, akamtilia mumewe katika mfuko wa shati la kazini lililoning'inia mlangoni, tayari kwa kesho.

"Sijui," akasema. "Peleka karatasi."